Dirisha la Pili

Miaka ishirini na sita nilikata tiketi
dirisha la pili, stesheni ya Kigoma,
na umbali niliujua kwa vidole:
Kazuramimba, Uvinza, Malagarasi, Nguruka,
Usinge, Kaliua, Urambo.
Tabora unanunua asali kwenye chupa ya konyagi,
kisha usingizi, kisha vumbi la Dodoma,
na siku ya tatu Dar inakupokea miguu imevimba.
Kilomita elfu moja mia mbili na ushee.
Ukifika, mwili unajua umefika.

Jana Bukuru kanishikia simu usoni:
"Mama, hii hapa. Kigoma mpaka Winnipeg,
kilomita elfu kumi na tatu, kasoro kidogo.
Muda wa kuruka, saa kumi na nne na nusu."
Mstari mwekundu umepinda juu ya dunia
kama uzi wa fundi anayewahi sikukuu.

Nikauliza, inasimama wapi?
Haisimami, akasema. Hiyo ni hesabu tu, mama,
ndege yenyewe hakuna.

Ndege yenyewe hakuna!
Nimeshafukuza watu dirishani kwa dogo kuliko hilo.

Ile iliyokuwepo naikumbuka.
Butoyi aliondoka hapa asubuhi ya masika,
kilo ishirini na tatu, isizidi hata kijiko.
Mawese wakayatoa, lita mbili, nikarudi nayo nyumbani nimeyapakata.
Migebuka mikavu ikapita, imefungwa kwenye kanga yangu;
nasikia iliishia kwenye pipa la Toronto, na kanga pia.
Siku mbili na nusu hakuna ujumbe.
Nikakaa kitandani nikihesabu stesheni nisizozijua,
nikizipa majina mwenyewe:
Vua-Viatu. Baridi Ndogo. Baridi Yenyewe.
Subiri-Hapo.

Niliwazaa Maweni, usiku wa mvua.
Bukuru akatangulia. Mkunga akaangalia saa yake,
akasema usilale, kuna abiria mwingine.
Dakika kumi na mbili.
Dakika kumi na mbili treni yetu haijavuka hata Luiche.

Sasa wamepishana saa nane;
huko jua likichoka wanarudisha saa nyuma, zinakuwa tisa.
Bukuru ameshatimiza thelathini na moja,
amekula wali, amenawa,
na mwenzake bado ana thelathini,
anasukuma maboksi ya nyama iliyoganda
ndani ya ghala lisilo na dirisha.
Nikamuuliza Bukuru: ndiyo kusema mdogo wako
anazidi kuwa mdogo?
Hakunijibu. Anatengeneza injini za boti Kibirizi,
kucha zake nyeusi kwa oili,
na ukimtajia pacha wake anageukia ziwani,
kule milima ya Kongo inakoonekana leo
na kesho haionekani.

Usiku simu inaita.
Kwangu saa tano, kwake saa tisa alasiri,
ndiyo kwanza anaamka.
Nasema: Butoyi.
Hapo pana kimya kidogo kabla sauti yake haijafika,
kama treni iliyokwisha kupiga honi nyuma ya kona
na wewe bado unatazama reli tupu.
"Mama."
Umekula?
Kimya.
"Nimekula, mama."
Na lile sweta?
Kimya. Hiki kirefu zaidi, na sidhani ni cha mtandao.
"Ninalo."

Bukuru anadai simu, ana jambo la pistoni.
Nampa. Nawasikia wakicheka kabla hajamaliza sentensi,
wote wawili kwa pamoja,
sijui kimya kile wamekiruka vipi.

Naenda kabatini. Kitabu changu cha nauli kipo,
jalada limeliwa na mende,
majina yamepangwa kwa herufi, mwandiko wangu wa ujana.
Urambo. Usinge. Usoke.
Orodha inaishia Uvinza.
Chini yake pamebaki mistari miwili mitupu.

Natafuta penseli.